UZI: Yaliyokuwa nyuma ya kamera za Prison Break, kwa sisi tulioitazama kwenye vibanda umiza vya Mwanza

Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Jana nilikuwa Kirumba nasubiri daladala ya kurudi Butimba, pembeni kuna dogo ana laibrari ya muvi kaweka tivii mlangoni, kuangalia vizuri naona kichwa kile kilichonyolewa na ukuta ule wa mawe, nikasema haa, Prison Break hii, tamthilia ya Kimarekani ya watu wanaotoroka jela, mpaka leo inauza? Dogo akanijibu, kaka hii haizeeki, haiishi wiki hajaja mtu kujaziwa kwenye flashi. Na dogo mwenyewe ukimwangalia, wakati inaanza kuonyeshwa kule Marekani mwezi wa nane 2005 alikuwa bado hajazaliwa.

Sasa tukaanza stori na dogo akanitamkia mdomo mkavu kwamba tatuu ya Scofield, yule steringi mwenye ramani ya jela mwilini aliyejifungisha ili amtoe kaka yake Lincoln, ni ya kweli, alichorwa kabisa na mashine, na mpaka leo anayo mwilini. Nikabishana nae pale karibia nusu saa, daladala mbili zikaniacha. Maana huo ubishi sio mpya, huo ubishi niliukuta Mabatini 2009 kwenye kibanda umiza, tunakaa kwenye benchi la mbao watu arobaini, joto, kiingilio mia mbili, na mwenye kibanda anasimamisha deki katikati ya episodi kuwatoa waliomaliza hela yao.

Nikaona bora niweke uzi. Hii sizoni nimeifukunyua sana miaka ya karibuni, nimesoma mahojiano na habari za utengenezaji wake, na kitu nilichogundua ni kwamba mambo mengi tuliyokuwa tunayasifia pale kibandani kuwa ni akili kubwa ya mwandishi, kumbe nyuma yake kuna mtu alichoka, au mkataba umegoma, au muda umeisha. Kama hujaitazama ishia hapahapa maana sifichi kitu.

Nakuja.

Mdau wa Igoma

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Mkuu usije ukatuacha njiani kama nyuzi zako zingine.

Mleta uzi

Hahaha sawa mkuu, leo namaliza.

Tuanze na wazo lenyewe lilikotoka. Mwandishi anaitwa Paul Scheuring. Kuna prodyuza mwanamke aliyekuwa anafanya nae kazi alimpa wazo la mtu anajifungisha jela makusudi ili amtoe mwenzake. Scheuring akaona wazo tamu ila halina miguu, maana ni mtu gani mwenye akili timamu ajipeleke jela? Ndio akakaa akaja na kaka aliyesingiziwa kuua na kuhukumiwa kifo. Yani ule udugu uliotutoa machozi pale kibandani uliingizwa kwa sababu hadithi ilikosa sababu.

Alafu akapeleka kwa Fox, kituo cha tivii cha kule Marekani, 2003, wakamkatalia. Waliona mtu kutoroka jela ni stori ya muvi moja, utaivutaje miezi na miezi? Ikabaki kabatini, kuna kipindi ikataka kufanywa ya sehemu kumi na nne tu na Steven Spielberg alikuwa ameshaipenda, akaondoka kwa sababu ya kazi ya muvi yake ya War of the Worlds. Baadae tamthilia za Lost na 24 zilipofanya vizuri, Fox wakaona kumbe watu wanaweza kufuatilia stori moja ndefu kila wiki bila kuchoka, wakairudia ileile waliyoikataa.

Na hapo nao hawakuamini sana, walianza kwa kuagiza episodi 13 tu. Watazamaji wakajaa ndio wakaongeza zikafika 22. Ile ya 13 si mnaikumbuka, wameingia usiku ule, wamefika kwenye bomba alilokuwa ameliunguza Scofield, wanakuta limebadilishwa, bomba jipya? Wamarekani walikaa na hilo bomba kuanzia mwisho wa Novemba 2005 mpaka Machi 2006 ndio wakaona kinachofuata. Sisi Mabatini tulikaa nalo dakika tano, muda wa mwenye kibanda kufuta CD na fulana yake.

Mdau wa Musoma

Sisi Musoma tulikaa nalo wiki nzima mkuu, umeme ulikatika palepale. Nilikuwa nawaza lile bomba mpaka kwenye mtihani.

Mleta uzi

Pole sana, hiyo ni mateso.

Haya, TATUU. Dogo wa Kirumba kama unasoma, soma taratibu. Ile kitu sio ya kuchorwa. Ni stika. Mchoro ulibuniwa na msanii anaitwa Tom Berg, alafu kampuni ya mambo ya vipodozi vya filamu, Tinsley Transfers, ikatengeneza vipande vipande vya kubandika kwenye ngozi na gundi. Kuubandika mwili mzima wa Wentworth Miller kuanzia kifuani, mgongoni mpaka mikononi ilikuwa inachukua masaa manne mpaka matano. Masaa matano jamaa amesimama anapakwa gundi, hapo bado hajaigiza hata sentensi moja.

Sasa ukishajua hivyo rudi uitazame upya. Mara ngapi Scofield anavua shati? Ni chache kuliko unavyokumbuka. Akiwa amevaa fulana walikuwa wanabandika zile za kwenye mikono tu, huko ndani hakuna kitu. Alafu angalia sizoni ya pili wakiwa wanakimbizwa, jamaa amevaa mikono mirefu kwenye jua la Texas. Sisi tulikuwa tunasema anajificha asitambulike na polisi, na ndani ya stori inaingia akilini kweli, ila mimi nikiwaza yale masaa matano naona hiyo mikono mirefu aliishangilia.

Ilipofika sizoni ya nne wakaona isiwe tabu, wakaandika kabisa kwamba tatuu imefutwa. Episodi ya kwanza tu, imekwenda. Pale kibandani palizuka vurugu, watu wanasema CD imechakachuliwa.

Kuna mwenzetu mmoja darasani alijichora mgongo mzima na piko, kachorewa na dada yake anayesuka saluni. Kalala nayo kifua chini usiku mzima isifutike. Kesho yake mwalimu wa zamu akaona wino umechungulia kwenye kola, akavuliwa shati mbele ya mstari wa asubuhi. Mwalimu akauliza hii ni ramani ya wapi? Jamaa kwa kiherehere akajibu ya kutokea. Alizipata fimbo ambazo hazikuwa na ramani.

Mdau wa Igoma

😂😂😂 ya kutokea!! Mimi nimecheka mpaka abiria mwenzangu kaniangalia.

Mdau wa Bukoba

Mleta uzi, ile jela yenyewe ilikuwa ya kweli au walijenga? Maana Fox River nimeitafuta kwenye ramani siioni.

Mleta uzi

Swali zuri. Fox River kama jela haipo, ni jina la kwenye stori. Ila kuta zile ni za kweli, ni gereza la Joliet, jimbo la Illinois, sio mbali na Chicago. Lilifunguliwa 1858 na kufungwa 2002, kwa hiyo wao wanaingia 2005 lilikuwa gofu la miaka mitatu, limepoa, limebaki na kutu na harufu yake.

Sisi tuliokulia Butimba jela ni jirani. Unaenda shule unapita, unarudi unapita, unaona wafungwa wanapelekwa kazini na askari nyuma yao, umezoea. Kwa hiyo tulikuwa tunajifanya wajuzi, tunakosoa, "aah jela gani seli kubwa hivi". Na kumbe tulikuwa sahihi! Seli za kweli za Joliet ni finyu, kamera haiingii na watu wawili wakaigiza. Ikabidi wajenge bloku ya seli ya kuigizia humohumo gerezani, seli zikawa pana kuliko za kweli, na wakaipandisha ngazi tatu wakati bloku ya kweli ina ngazi mbili. Ule mwonekano wa seli zimepandana mpaka juu huku watu wanarusha karatasi za moto, hayo ni mambo ya mafundi seremala.

Ila seli ya Lincoln haikujengwa, ile ni ya kweli, na hapa ndio patamu. Inasimuliwa kwamba ndio seli aliyowahi kukaa John Wayne Gacy, yule muuaji aliyeua vijana na wavulana 33 huko Illinois na kuuawa kwa sindano ya sumu 1994. Kuna mfanyakazi mmoja wa utayarishaji alikataa katakata kuingia humo, anasema ina mauzauza.  Mimi simcheki, hata ungenilipa kwa dola.

Mdau wa Nansio

Hapo hata mimi nisingeingia, na sisi Ukerewe tunajua mauzauza.

Mkuu mimi naomba habari za wale ndugu wawili. Huku kwetu kulikuwa na ubishi kwamba ni ndugu kweli wa damu, baba mmoja.

Mleta uzi

Hahaha huo ubishi ulikuwepo kila ziwa linapofika.

Sio ndugu. Na cha ajabu, hawa "vijana wa Chicago" wote wawili wamezaliwa Uingereza! Wentworth Miller kazaliwa Chipping Norton 1972, baba yake alikuwa anasoma Oxford, alafu akakulia Brooklyn. Kasoma Princeton, na sio uhandisi kama Scofield, kasoma fasihi ya Kiingereza. Huyo mhandisi wa majengo aliyetufanya nusu ya darasa tutake kusoma fizikia ni mtu wa mashairi. Dominic Purcell nae kazaliwa Wallasey, 1970, akapelekwa Australia akiwa mtoto mdogo, ndio maana ukimsikia kwenye mahojiano anaongea tofauti kabisa na Lincoln.

Namna walivyopatikana sasa. Kwa nafasi ya Scofield watu walifanyiwa usaili wengi sana, kila anayekuja anajikunja sura anajifanya mtu wa siri, na Scheuring anaona hapa ni maigizo matupu. Wiki moja tu kabla ya kuanza kurekodi akaja Miller, katulia, kajiandaa, akachukua. Purcell ndio alikuwa wa mwisho kabisa, zimebaki siku tatu. Tena Scheuring alivyomwona mara ya kwanza hakumpenda, maana jamaa alikuja na nywele zake zimetengenezwa na ngozi imekula jua kama mtu wa ufukweni, alikuwa anaigiza kwenye tamthilia nyingine inaitwa North Shore. Kilichombeba ni kuigiza kwake. Siku ya kwanza ya kazi akatokea amenyoa upara, Scheuring akabaki mdomo wazi, jamaa kafanana na Miller!

Ndugu wa damu tuliowabishania mpaka kukunjana mashati walifananishwa na wembe.

Mdau wa Musoma

Na T-Bag je, yule mfungwa mbaya kuliko wote? Huyo mtu nilimchukia mpaka nikimwona kwenye muvi nyingine nazima.

Mleta uzi

Robert Knepper. Yule T-Bag ni mtu wa Alabama, lafudhi ile ya kuvuta maneno kama anakulamba. Knepper mwenyewe ni wa Ohio, huko kaskazini, na msingi wake ni jukwaa la maigizo ya ukumbini. Mimi naona ndio alikuwa mwigizaji mkali kuliko wote, nibishieni. Steringi unampenda kwa sababu ni steringi, kazi ipo kwa adui. Ule mchezo wa mfuko uliogeuzwa nje, dogo dhaifu anaushika anamfuata nyuma, haukuhitaji tafsiri, kibanda kizima kilikuwa kinanyamaza.

Mwingine ni William Fichtner, Mahone, aliyeletwa sizoni ya pili. Mtu anafukuza wafungwa huku anameza vidonge alivyovificha kwenye kalamu. Sina cha nyuma ya kamera hapo, nimemtaja kwa heshima tu.

Na yule mzee Westmoreland na paka wake mnamkumbuka? Ile habari kwamba ndie D.B. Cooper, wengi tulidhani imetungwa yote. D.B. Cooper ni kisa cha kweli, Novemba 1971 kuna mtu aliteka ndege iliyotoka Portland kwenda Seattle, akapewa dola laki mbili, akaruka na parachuti usiku, mpaka leo hajajulikana alikuwa nani. Waandishi wakachukua hilo tundu wakaweka mzee wao humo, na hela wakaziongeza mpaka milioni tano.

Mdau wa Bukoba

Panama ile walienda kweli? Maana nilitamani sana kwenda Panama sababu ya ile sizoni.

Mleta uzi

Mkuu nakuvunja moyo. Sizoni ya kwanza walikuwa Illinois, ya pili wakahamia Dallas, Texas, na zile episodi tatu za mwisho wanapofika "Panama" zilipigwa Pensacola, Florida. Ule ufukwe ni Marekani hiyohiyo. Sona, ile jela ya Panama ya sizoni ya tatu, nayo sehemu kubwa ni Texas. Ya nne wakaenda Los Angeles. Waliporudi 2017 kwa sizoni ya tano, zile vurugu za Yemen ni Morocco, na humo ndio Purcell alidondokewa na chuma kichwani 2016 wakiwa kazini, pua ikavunjika, akapelekwa hospitali. Kapona akarudi kumalizia.

Hiyo ni kawaida, hata hapa kwetu ukitaka kuigiza kisiwani unaenda Saa Nane pale na mtumbwi dakika kumi, mtazamaji wa Dodoma atajuaje.

Mdau wa Nansio

Sasa mkuu mbona unaikwepa ya SARA. Kichwa kwenye boksi. Naona unazunguka tu.

Mleta uzi

Nilikuwa naiacha ya mwisho makusudi maana inaniuma mfukoni.

Iko hivi. Sarah Wayne Callies, yule daktari, baada ya sizoni ya pili alikuwa mjamzito na akajifungua 2007. Mazungumzo ya mkataba na wenye kazi hayakufika mwisho mzuri. Kwa hiyo sizoni ya tatu Sara yupo ndani ya stori, ametekwa, ila mwigizaji hayupo. Mkiirudia angalieni, huwa mnamwona kwa mbali au nyuma, ule sio mwili wake. Ikabidi wamuue bila yeye kuwepo, Lincoln anafungua boksi, kichwa. Mashabiki duniani kote walikasirika, barua, kelele, kampeni. Na juu ya hayo waandishi wa Marekani wakagoma, kuanzia Novemba 2007 mpaka Februari 2008, sizoni ya tatu ikakatwa ikaishia episodi 13 badala ya 22. Sisi tulidhani muuza CD ametupunja, kuna watu walitaka kumrudia.

Sasa mimi nina binamu yangu, alikuwa anachukua dagaa Ukerewe anashusha Mwaloni Kirumba. Hana shule ya maana ila kwa muvi alikuwa profesa. Tumetoka kibandani mimi nimenuna, Sara amekufa, nimeona kichwa kwa macho yangu. Binamu anacheka. Ananiambia "wewe umeona nywele, sura umeiona? Mke wa steringi hafi kama hajazikwa". Nikamwambia tuweke dau. Tukaweka sato, wa kilo mbili, sio chini.

Sizoni ya nne hiyo inaingia, Callies wamemalizana nae amerudi, na Sara huyo hapo mzima, wanasema kile kichwa kilikuwa cha mtu mwingine. Yani waandishi walishaua, wakagundua mwigizaji anapatikana, wakafufua kwa sentensi mbili. Mtu wa dagaa alilijua hilo kabla hata hawajaliandika.

Mdau wa Igoma

Binamu apewe maua yake. Na wimbo ule wa mwanzo wa kutetemesha je, nani alipiga?

Mleta uzi

Ramin Djawadi, huyohuyo aliyekuja kupiga Game of Thrones. Ule wa Prison Break ulimpa uteuzi wa Emmy, tuzo za tivii za Marekani, 2006. Ufaransa wao waliwekewa wimbo mwingine kabisa mwanzoni, wa rapa wao Faf Larage. Sisi tuliwekewa sauti ya mtafsiri akipiga juu ya muziki "haya sasa mzee baba anaingia", mimi mpaka leo nikiusikia ule wimbo mtupu naona kuna kitu kimepungua.

La mwisho kwa wanaouliza kama itaendelea na haohao: Miller alitangaza mwenyewe 2020 kwamba hamchezi tena Scofield. Zote kwa ujumla ni episodi 90, ukihesabu na zile mbili za nyongeza za sizoni ya nne, The Final Break.

Dogo wa Kirumba nitapita kesho jioni, tatuu ni stika.

Mdau wa Nansio

Hujatwambia kitu kimoja. Sato ulilipa?

Mleta uzi

Nilipeleka sangara mkuu, wa kilo tatu kabisa, nikajua amenisamehe. Akamwangalia, akamgeuza, akaniambia tulikubaliana sato. Sangara akamla, na deni akasema bado lipo.